Kifundo cha Nyangumi

Nianze na ubaya wangu wote kwa mkupuo mmoja, maana nikianza na mazuri nitanogewa, na mwisho nitajikuta najitetea. Niliiba mfupa wa nyangumi. Shemeji yangu Tor Gul, kaka wa mke wangu, akaitwa mwizi kwa ajili yangu miezi mitatu mizima, na mimi nilikuwepo pale pale, nakula, nalala, naswali safu ya mbele. Nimeshasema. Sasa nisikilize.

Nyangumi mwenyewe si huyu wa baharini. Huyu wetu alikuwa na miguu minne, mkubwa kiasi cha mbwa mwitu, pua ndefu, mkia mnene, macho juu ya kichwa, anavizia kando ya maji hapa hapa Kala Chitta, vilima vikiwa bado havijawa vilima. Daktari Tehmina ndiye aliyetuambia. Kila majira ya baridi alikuja kutoka Lahore, akapiga mahema chini ya korongo, akatuchukua mimi na Tor Gul na wachache wengine kumchimbia. Kijijini walitucheka mpaka wakachoka. Ukiingia hujra jioni, pale wanaume tunaponywa chai na kucheza, Mzee Mirajan anakupokea na lake.

"Enhe, Zarwali! Leo mmevua wangapi?"

"Bado hajauma ndoano, mzee."

"Mwambieni huyo mama bahari iko Karachi. Basi la asubuhi lina nafasi!"

Tor Gul hakuwa akicheka. Yeye ndiye aliyeliona fuvu, ncha ya meno tu ikichungulia kwenye mwamba mwekundu, na siku ile alikaa chini akalia, mtu mzima na ndevu zake. Daktari aliligeuza fuvu akatuonyesha mfupa wa sikio, mnene kama kokwa ya jozi. Akasema sikio la namna ile duniani analo nyangumi peke yake. Basi tangu hapo Tor Gul akawa hana habari nyingine. Akila, nyangumi. Akitembea, nyangumi. Mke wake alimwambia mke wangu kwamba anaona kama ameletewa mke mwenza.

Kazi ya daktari ilikuwa na sharti moja. Mfupa wowote, hata wa ukubwa wa ukucha, usitoke mahali pake mpaka yeye auone, auchore, apige picha. Ukishautoa, alisema, umekuwa jiwe tu. Sharti hilo nililijua kama ninavyolijua jina la mama yangu. Nisije nikasingizia ujinga.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Tor Gul alikuwa anachimba mraba wake, mimi nachekecha udongo pembeni. Ilipofika Alasiri akanipa brashi, akaenda kutawadha kijitoni. Nikainama pale kwenye mraba wake nipanguse vumbi kidogo, nionekane nina kazi. Mfupa ukachungulia. Nikausukuma kwa kidole, nao ukatoka wenyewe kwenye mwamba, ukaniangukia kiganjani.

Ulikuwa mfupa wa kifundo cha mguu. Sasa wewe huenda usijue maana yake, lakini mtoto wa kwetu anaujua mfupa huo kabla hajajua kusoma. Kondoo akichinjwa, watu wanagombania nyama. Sisi tunagombania vifundo. Ndio tunaochezea bujul: unarusha kifundo, kinaangukia upande mmoja kati ya minne, kikisimama farasi umeshinda, kikilala punda umechekwa. Wanaume wazima wenye wajukuu wananuniana wiki nzima kwa ajili ya punda mmoja. Nami nilikuwa mtu wa punda. Majira yote yale nilikuwa nalala punda, Mirajan akinililia kwa sauti ya punda mbele za watu.

Na huu niliokuwa nao mkononi ulikuwa mweusi, mzito, mgumu kama chuma. Nikawaza hivi, na naona haya kulisema: fuvu wanalo, meno wanayo, sikio wanalo. Kifundo cha nini? Kila kondoo anacho. Nikautia mfukoni.

Tor Gul akarudi anapangusa maji ndevuni. "Kuna kitu?"

"Vumbi tu, shemeji," nikamwambia.

Nikafika hujra jua bado lipo. Kifundo kipya hakichezwi kilivyo, lazima ukitengeneze. Nikaomba jiwe la kunolea, nikamwaga maji, nikaanza kusugua. Kifundo kina ncha mbili, na kila ncha ina kifereji katikati kama kapi la kisimani. Ukiisawazisha ncha ya chini, kinasimama farasi karibu kila mara. Nilisugua mpaka bega likaniuma, unga mweusi ukatiririka jiweni, kapi la chini likaisha, pakawa bapa kama sarafu. Nikaupaka mafuta ya kondoo na hina kidogo kwa baraka, na walioniuliza weusi wake nikawaambia ni moshi wa jikoni. Kabla ya Magharibi nilikuwa nimewashinda wote. Mirajan nilimshinda mara tisa. Walinibeba mabegani, na sijui kama nimewahi kufurahi vile tangu siku ya harusi yangu.

Ijumaa asubuhi daktari akasimama juu ya mraba wa Tor Gul, amekunja mikono.

"Nani ametoa mfupa hapa?"

Mwambani palikuwa na shimo, safi, lenye umbo kamili, kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. Akapiga magoti, akaingiza kidole, akafuata kingo. Alipoinuka uso ulikuwa umembadilika rangi.

"Hiki ni kifundo cha mguu," akasema. "Mnajua nimekitafuta kwa miaka mingapi? Ncha ya juu ya kifundo, kila mnyama ana kapi. Mbwa analo, mtu analo. Lakini ncha ya chini nayo ikiwa na kapi, huyo ni wa ukoo wa mbuzi na kondoo na ngamia, hakuna mwingine. Mimi nasema nyangumi ametoka ukoo huo; wenzangu wananibishia kwamba fuvu ni la nyangumi na miguu ni ya mnyama mwingine aliyefia hapo hapo. Kapi la chini ndilo lililobaki kunijibu."

Kapi la chini. Kapi la chini lilikuwa unga jiweni, na unga wenyewe nilikuwa nimeumwaga uani kwa maji ya birika.

Hapo ndipo ningesema. Kama mfupa ungekuwa mzima mfukoni, ningesema, wallahi ningesema, ningepigwa kelele na yakaisha. Lakini niseme vipi kwamba nimelisugua ili nimshinde Mzee Mirajan?

"Mraba huu ni wa Tor Gul," daktari akasema.

"Wangu," Tor Gul akajibu. "Lakini mimi sijautoa, daktari. Ningeuona ningekuita kwa mayowe."

Kuna jambo uelewe. Miaka miwili nyuma Tor Gul aliwahi kumpa mchuuzi wa mjini jino moja la kisukuku. Hakuna aliyemwona. Alikwenda mwenyewe kwa daktari kesho yake, akakiri, akaenda mjini kwa miguu akalirudisha. Kwa hiyo mtu pekee pale kambini aliyekuwa na rekodi ya wizi alikuwa yule pekee aliyewahi kusema kweli.

Daktari akanigeukia. "Zarwali, wewe ulikuwa naye jana. Alitoka na kitu?"

Nikainamisha uso. Nilikuwa naona aibu, ndugu yangu, aibu iliyonishika shingo ikaniinamisha. "Sijui, daktari," nikasema. "Mimi nilikuwa nachekecha."

Yeye akaiona ile aibu, akaisoma vingine. Akadhani namwonea haya shemeji yangu. Akadhani nimeona na sitaki kumtaja ndugu wa mke wangu. Niliona kabisa anavyonihurumia. Akanigusa bega, akasema taratibu, "Basi, nisikulazimishe." Kisha akamwambia Tor Gul akusanye vitu vyake.

Tor Gul alinitazama mimi, si yeye. Alingoja niseme hata neno moja la kumtetea. Sikusema.

Habari za kwetu zinafika nyumbani kabla yako. Jioni ile ile hujra nzima ilijua, na ulimi wa hujra hauna mfupa. "Siku za mwizi arobaini," wakasema. Tor Gul akija, mazungumzo yanakatika. Siku moja msikitini, kijana wa Mirajan aliyachukua makubazi yake akaswali nayo kando ya goti, ili Tor Gul aone. Aliona. Tangu siku hiyo akawa anaswali nyumbani. Mimi kifundo changu nikakificha kwenye ufa wa ukuta nyuma ya pipa la unga, na walipouliza farasi wangu mweusi yuko wapi nikasema ameniangukia kijitoni. Uongo ukiuanza unakuwa kama kupiga chafya.

Na watu wakanisifu! Hilo ndilo lililonimaliza. Walisema Zarwali ana stara, hakumtaja shemeji yake hata alipobanwa. Mzee Mirajan alinimiminia chai kwa mkono wake. Niliinywa.

Nyumbani, mke wangu Palwasha alizidi kukonda. Kaka yake ndiye aliyemlea. Hakuniuliza lolote, ila usiku na mchana alikuwa akisema peke yake, "Tor Gul hawezi. Hawezi kabisa." Nami nafanya kama sisikii.

Majira ya baridi yalipoisha, wanawake wakaanza kukandika kuta kwa udongo na makapi, kama kila mwaka. Pipa la unga lilikuwa zito; sikufikiri angelisogeza. Nilirudi mchana kula. Akatandika kitambaa cha chakula, akaweka mkate, akaweka mtindi, na katikati akaweka kifundo.

Nilikitazama. Hina ilikuwa bado imo kwenye vijifereji vya juu.

"Hiki ndicho?" akauliza.

"Palwasha, ngoja nikueleze..."

"Nimeuliza hiki ndicho, Baba Kashmala?"

"Ndicho."

Nilitegemea anipigie kelele. Mikono yake ilikuwa na udongo mpaka viwikoni. Aliketi, akaniangalia kama mtu anayemsoma mgeni.

"Miezi mitatu umekula mkate ninaoupika nikimlilia kaka yangu," akasema. "Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nilidhani ni msemo tu."

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu!" Hapo sauti ikampanda. "Ungekuwa na aibu ungesema siku ya kwanza! Ulikuwa unaogopa kuchekwa, mwanamume mzima, kwa ajili ya bujul! Inuka. Mkate wangu huuli leo."

Nikainuka na njaa yangu.

Daktari alikuwa anafunga masanduku ya kuondoka. Nilikiweka kifundo mezani, nikamwambia yote, tangu Alasiri mpaka jiwe la kunolea. Alikichukua, akaenda nacho hadi kwenye lile bonge la mwamba alilokuwa amelikata na kulihifadhi, akakiingiza kwenye shimo lake. Ncha ya juu ikakaa barabara. Ya chini ikacheza.

"Bapa," akasema. Akapitisha kidole gumba mara mbili, mara tatu. "Umeifanya bapa kabisa."

"Ndiyo, daktari."

"Kwa ajili ya mchezo."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alisema maji yakimwagika hayazoleki, kisha akasema, "Tor Gul. Ya Mungu wangu, Tor Gul! Mwambie arudi kazini. Mwambie nimesema arudi." Akageukia masanduku yake.

Kwetu, ukimkosea mtu kwa kiasi hicho, unakwenda nanawate. Unachukua kondoo, unachukua wazee, unakwenda mlangoni kwake, unainamisha kichwa. Naye, hata kama ulimuulia mwana, mgeni wa namna hiyo harudishwi. Lakini wazee hawaji mpaka uwaambie wanakwenda kwa nini. Nikaingia hujra, nikasimama katikati, nikasema.

Mzee Mirajan akapiga goti lake kwa kofi.

"Kumbe ulitushinda kwa jiwe!"

"Mzee, nazungumza habari za Tor Gul."

"Mara tisa! Mara tisa, jamani, na mimi nikarudi nyumbani nikasema mkono wangu umezeeka!"

"Tulimbeba mabegani!" mwingine akadakia. "Tulimbeba huyu!"

Wakapandisha sauti, kila mtu anataja mchezo wake alioshindwa. Waliendelea hivyo muda mrefu, na nadhani walikuwa wanaendelea makusudi, maana mbele ya hayo kulikuwa na jambo hawakutaka kulifikia. Mwishowe yule kijana wa Mirajan, aliyeswali na makubazi yake kando ya goti, akasema kwa sauti ndogo, "Sasa Tor Gul je?" Mzee Mirajan akatafuta fimbo yake, akasema twendeni.

Tulimkuta Tor Gul uani. Nikamwachia kondoo, nikainamisha kichwa mpaka kilemba kikanidondoka, nikasema maneno yanayosemwa. Sikuweza kumtazama. Nilitazama miguu yake, na nikaona vumbi jekundu la korongoni limemganda mpaka magotini, ilhali kazi aliachishwa siku nyingi.

"Umeingia mlangoni kwangu," akasema. "Nimekusamehe."

Basi. Alimchinja kondoo mwenyewe, akapika, akaniketisha mahali pa heshima, akanichagulia nyama ya ubavu kwa mkono wake. Lazima ule, usipokula umeukataa msamaha. Nilikula. Wazee nao walikula wameinamisha macho, hakuna aliyefanya utani.

Tulipokwisha kunawa nikamwambia, "Daktari anasema urudi kazini, shemeji."

Aliingia ndani, akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Akakifungua mbele yangu. Ndani kulikuwa na kifundo cha mguu, cheusi, ncha mbili, kapi juu na kapi chini, hakina hata mkwaruzo.

"Wa mguu wa pili," akasema. "Nimekuwa nikienda kuchekecha lundo la udongo tulioutupa. Kila siku, wenzangu mkiwa mmeshaondoka. Nilidhani labda kweli niliutoa mimi bila kujua, nikautupa na vumbi. Nilianza kuamini hivyo, Zarwali. Nikaupata huu wiki ya tano, ule wa kwanza bado nautafuta."

"Wiki ya tano! Kwa nini hukuupeleka?"

Akaniangalia kwa upole, na upole huo sitausahau mpaka naingia kaburini. "Mwizi akileta mfupa, watu watasema nini?"

Mzee Mirajan alikuwa ameufunika uso kwa shali.

Tor Gul akauchukua ule mfupa akauweka kiganjani mwangu, kiganja kile kile, akanifungia vidole kimoja kimoja. "Upeleke," akasema. "Mwambie ulikuwa kwenye lundo, upande wa mraba wangu, nimepawekea alama."

"Twende wote. Tafadhali. Mfupa ni wako, sifa iwe yako."

"Wewe umekuja mlangoni kwangu, kwa hiyo nimekusamehe, ndivyo tulivyolelewa. Yeye hajaja. Yeye ametuma salamu." Akaanza kukusanya vyombo. "Mimi na mifupa basi."

Nilishuka korongoni peke yangu, nimeushika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai. Daktari alipouona alipiga ukelele, akaugeuza, akaukimbiza juani, akauweka kando ya ule nilioharibu. Kulia na kushoto, wa mnyama mmoja, hata kipofu angejua. Alikuwa anacheka na kulia.

"Nani ameupata?"

"Tor Gul."

"Lini?"

"Wiki ya tano."

Kicheko kikamkatika. "Na muda wote huu alikuwa nao? Kwa nini hakuniletea?"

Nilitaka kusema sijui. Lilikuwa pale pale mdomoni, jepesi, limeshazoea njia. Nikamwambia, "Alijua ungesema ameurudisha."

Akauweka mfupa mezani taratibu, akaketi juu ya sanduku. Akauliza kama Tor Gul yuko nje. Nikamwambia hakuja, na hatakuja.